Dunia haivimbi: acheni kuwalisha wanafunzi nusu ya ushahidi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Ipo chaneli moja ya Kiswahili yenye wafuasi wengi, ambayo sitaitaja kwa jina, inayorusha video zinazodai kwamba Dunia, na sayari nyingine pamoja nayo, hukua na kuvimba kadiri miaka inavyopita. Kwamba enzi za dinosaria Dunia ilikuwa ndogo kiasi cha mabara kuifunika yote bila kuacha nafasi ya bahari kuu. Na kwamba wanasayansi wanalijua jambo hili ila wanalificha. Mimi hufundisha jiografia shule ya sekondari. Vijana wa kidato cha tatu wananiletea video hizo darasani kama hoja dhidi ya kitabu, na siwalaumu, kwa sababu zimetengenezwa kwa ustadi. Ninayemlaumu ni mtu mzima aliyekaa akachagua kipi cha kuonyesha na kipi cha kuficha.

Anachokionyesha ni kweli, na hapo ndipo penye hila. Ni kweli kwamba katikati ya Atlantiki umepita mgongo mrefu wa milima chini ya maji, ambako rojo la moto hupanda kutoka ndani na kuganda kuwa sakafu mpya ya bahari. Ni kweli kwamba mwaka 1963 wanajiolojia Frederick Vine na Drummond Matthews walieleza kwa nini miamba ya pande mbili za migongo ya aina hiyo ina mistari ya usumaku inayofanana, ushahidi kwamba sakafu husogea pande zote mbili. Ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya sakafu ya bahari kuu haizidi umri wa miaka milioni 180 hivi, ilhali barani tunayo miamba yenye miaka zaidi ya bilioni tatu. Mtazamaji akiishia hapo, atauliza swali la haki kabisa: kama sakafu mpya inazaliwa kila mwaka, Dunia itakosaje kukua?

Jibu lake ni kwamba sakafu ya zamani huzama. Pembezoni mwa Japani, Chile na Indonesia yapo mahandaki ya baharini yenye kina cha kutisha, ambako bamba moja la gamba la Dunia huingia chini ya jingine na kurudi ndani. Hili halikubuniwa ili kuziba pengo la nadharia. Matetemeko yenyewe huchora njia ya bamba linalozama: karibu na handaki huanzia juujuu, na kadiri unavyosogea upande bamba linakoelekea, chanzo chake huwa kirefu zaidi, hadi kufikia karibu kilomita 700. Mwezi Juni 1994 tetemeko kubwa lilitokea chini ya Bolivia katika kina cha karibu kilomita 630. Sisi wa Pwani hatuna hata haja ya kwenda mbali hivyo. Tarehe 26 Desemba 2004, karibu na Sumatra, mpaka wa bamba linalozama ulifyatuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na mawimbi yake yakavuka bahari nzima hadi Somalia, Kenya na Tanzania yakiwa bado na nguvu ya kuua. Katika video zote nilizoonyeshwa, habari hii haitajwi hata kwa sentensi moja. Ni sawa na mwenye duka anayeandika mzigo unaoingia tu bila kuandika unaotoka, kisha akatangaza kwamba ghala lake limepanuka.

Sasa tuingie kwenye hesabu, ambazo mtangazaji huyu huzikwepa. Watetezi wengi wa nadharia hii husema kwamba miaka milioni 200 iliyopita nusu kipenyo cha Dunia kilikuwa takriban asilimia 60 ya hiki cha leo, ambacho ni kilomita 6,371. Maana yake ni kwamba nusu kipenyo kingepaswa kuongezeka kwa wastani wa zaidi ya milimita 12 kila mwaka. Je, kinaongezeka? Mwaka 2011 watafiti wa NASA na wenzao walichapisha matokeo ya vipimo vilivyounganisha GPS, leza zinazorushwa kwenye setilaiti na darubini za redio, wakakuta badiliko la wastani la kama milimita 0.1 kwa mwaka, kiasi ambacho hakiwezi kutofautishwa na sifuri kwa usahihi wa vipimo hivyo. Tunazungumzia vyombo vinavyopima jinsi Afrika na Amerika Kusini zinavyoachana kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Uvimbe wa milimita 12 usingejificha.

Kisha uzito. Kama Dunia ilivimba bila kuongezewa kitu, basi enzi hizo mvutano wake juu ya uso ulikuwa karibu mara tatu ya wa leo, na mtu wa kilo 70 angejihisi kama ana karibu kilo 195. Mwambie hivyo dinosaria wa tani 40 na shingo yake ndefu. Siku nayo ingekuwa fupi, chini ya saa tisa, kwa sababu kitu kinachozunguka huharakisha kikiwa kidogo na hupunguza mwendo kikipanuka. Lakini mwaka 1963 John Wells, mtaalamu wa visukuku, alihesabu mistari ya ukuaji ya kila siku kwenye matumbawe ya kale, ya miaka kama milioni 380 iliyopita, akapata takriban siku 400 kwa mwaka, yaani siku yenye karibu saa 22. Na kama jibu ni kwamba uzito nao uliongezeka, basi zaidi ya robo tatu ya Dunia yote imeumbwa ndani ya miaka milioni 200, kwa kasi ya zaidi ya trilioni 20 za tani kila mwaka. Kutoka wapi? Vumbi na vimondo vinavyotuangukia kutoka angani ni kiasi kidogo mno, hata tani milioni moja kwa mwaka havifiki. Hapo mtangazaji huanza kusimulia nishati isiyojulikana, na muziki unapanda.

Kinachonikera zaidi ni namna anavyomtumia marehemu Samuel Warren Carey, mwanajiolojia wa Tasmania, kana kwamba alinyamazishwa. Carey alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Tasmania. Mwaka 1956 aliandaa kongamano huko Hobart kuhusu kusogea kwa mabara, wakati ambapo wengi bado walilidharau wazo la Alfred Wegener, na kwa hilo anastahili heshima. Alishikilia uvimbe wa Dunia hadi alipofariki mwaka 2002, akiandika na kuchapisha waziwazi. Moja ya hoja zake inatuhusu sisi moja kwa moja: Afrika imezungukwa na migongo ya bahari magharibi, kusini na mashariki, kila mmoja ukizaa sakafu mpya, na karibu nasi hakuna handaki la kuimeza. Ni hoja nzuri, na ndiyo ambayo ningependa vijana wangu waijadili. Jibu lake ni kwamba migongo yenyewe haikupigiliwa misumari. Nayo husogea mbali na bara, na kuzama kunatokea kwingineko, hasa kuizunguka Pasifiki. Hata bamba letu la Afrika lenyewe, kwa upande wa kaskazini, linazama chini ya Krete. Carey alijibiwa kwa vipimo na ramani, hakufungiwa mlango.

Ama sayari nyingine, huko ndiko aibu inakozidi. Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, unasinyaa. Makunyanzi yake yalionekana na chombo Mariner 10 kuanzia mwaka 1974, na mwaka 2014 watafiti waliotumia picha za chombo kingine, MESSENGER, walikadiria kwamba nusu kipenyo chake kimepungua hadi kilomita 7 kadiri sayari hiyo ilivyopoa. Mwezi wetu nao umesinyaa kidogo.

Mwisho, Bonde la Ufa. Ule mpasuko wa karibu na Mai Mahiu, Kenya, wa mwezi Machi 2018, chaneli inauonyesha kama ngozi ya Dunia inayochanika kwa uvimbe. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba mvua kubwa zilisomba majivu laini ya volkeno yaliyojaza nyufa za kale. Bonde lenyewe linapanuka, ndiyo, milimita chache kwa mwaka, na upana huo hulipwa kwingine ambako mabamba yanabanana au kuzama.

Ombi langu kwa wasimamizi ni kwamba video hizo ziondolewe kwenye jukwaa la elimu na kupelekwa kwenye jukwaa la hoja mchanganyiko. Na wewe mtangazaji, najua unasoma humu: eleza hapa, kwa maneno yako, tetemeko la kilomita 630 chini ya Bolivia lilitokeaje katika Dunia ambayo kwako haizamishi chochote. Ukileta hesabu nitazikagua mstari kwa mstari. Ukileta video nyingine, sitaifungua.