Mjadala: Redio za Marekani zimlipe mwimbaji, au sifa zinamtosha?

Mleta mada: Wakuu, nawaletea Jo Stafford. Mzaliwa wa California, 1917, alianza kuimba redioni Los Angeles na dada zake, kisha akaingia The Pied Pipers. Kundi lilikuwa la watu wanane. Tommy Dorsey alipolichukua kwenye bendi yake walikuwa wamebaki wanne, mwanamke ni yeye tu. Mei 1940 wakarekodi I'll Never Smile Again na kijana aitwaye Frank Sinatra. Julai, jarida la Billboard lilipochapa orodha yake ya kwanza ya santuri zinazouzika nchi nzima, wimbo huo ndio ulioongoza, na ukakaa juu wiki 12.

Mpaka leo, redio ya AM au FM ikiupiga huko Marekani, anayelipwa ni upande wa mtunzi, Ruth Lowe. Sinatra hana chake. Wale wanne hawana chao. Mimi naiita dhuluma.

Mchangiaji 1: Dhuluma kivipi, mkuu? Redio ndiyo iliyomtoa Stafford. Alipoachana na kundi mwaka 1944 akaimba peke yake, hakuhitaji kujitambulisha kwa mtu. Kituo kinamtangaza bure, halafu kilipie?

Mchangiaji 2: Hoja hiyo ina umri mkubwa kuliko sisi sote humu. Enzi zile mwimbaji alilipwa kwa kuja studio kuimba moja kwa moja. Santuri ndiyo iliyomharibia. Kiongozi wa bendi, Fred Waring, alikishtaki kituo cha WDAS cha Philadelphia kwa kupiga santuri zake, akashinda mwaka 1937. Mwaka 1940, kesi ya kiongozi mwingine wa bendi, Paul Whiteman, mahakama ya rufaa New York ikasema kituo kikishanunua santuri, ruksa kuipiga. Basi, mlango ukafungwa. Agosti 1942 chama cha wanamuziki kikagoma kurekodi, na kampuni za santuri zikafanya nini? Zikaita makundi ya waimbaji yaimbe bila ala! Waimbaji hawakuhesabika kuwa wanamuziki. Yaani sauti zao ndizo zilizotumika kuvunja mgomo wa kudai malipo ya santuri, na wao wenyewe hadi leo redio haziwalipi.

Mchangiaji 3: Kenya kuna PRISK, chama cha wasanii kinachowadai watangazaji malipo ya waimbaji na wapiga ala. Redio zimekufa?

Mchangiaji 1: Hazijafa, ila muulize mwenye kituo cha mji mdogo.

Mleta mada: Muswada ulioko kwenye Bunge la Marekani, wa kutaka redio ziwalipe waimbaji, umemfikiria huyo: kituo chenye mapato chini ya dola milioni 1.5 kwa mwaka hakilipi zaidi ya dola 500 kwa mwaka. Hiyo si ya kufilisi mtu. Kinachonikera mimi ni mgawo. Kwenye redio za intaneti, ambako sheria ya 2018 imeziingiza hata santuri za kabla ya 1972, nusu ya fedha huchukuliwa na mwenye rekodi, asilimia 45 msanii aliyetajwa, 5 wasiotajwa. Pied Pipers walitajwa kwenye karatasi ya santuri, angalau. Waitikiaji wangapi hawakutajwa? Stafford na mumewe Paul Weston walikuja kuzipata rekodi zao za kampuni ya Columbia wakazitoa kwa kampuni yao wenyewe ya santuri, Corinthian. Mwimbaji wa kundi mwenye bahati hiyo mnitajie mwingine.