Re: Thamani ya bunduki ya marehemu baba mkwe, PC 577 imerudishwa

Mama Zawadi, Lansing

Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Naomba msaada maana nimechoka kabisa. Baba mkwe alifariki, mume wangu ndo PR, yaani msimamizi wa mirathi, tumejaza PC 577 yote, ile fomu ya mahakama ya kuorodhesha mali ya marehemu, nyumba, gari, akaunti za benki, ila kwenye bunduki yake ya kuwindia kulungu tukaandika "haijulikani". Karani kairudisha fomu nzima. Anataka thamani iliyoandikwa na mtu anayejua. Haya, tukaenda duka la bunduki, jamaa kaishika kama dakika moja, kasema dola 300 na yuko tayari kutoa keshi hapo hapo, lakini barua haandiki. Sasa shemeji yangu wa Ohio kasikia hiyo 300 anasema basi aichukue yeye, ikatwe kwenye fungu lake, na wifi anasema anaibiwa mchana kweupe. Nyumba haina amani.

Ni Winchester, ile ya kukoki kwa leva chini ya triga. Kwenye mtutu imeandikwa Model 94 na 30 W.C.F. Namba yake inaanza na 1,6 halafu tarakimu tano. Swali langu ni moja tu: nani anaweza kuandika barua ambayo mahakama itaikubali?

Omari, Toledo

Pole sana dada, Mungu amrehemu mzee. Mimi nilipokwenda kununua Marlin 336 yangu nikiwa bado LPR, yaani mkazi wa kudumu, nimejaza 4473, ile fomu ya kununua bunduki, A-number yangu ya uhamiaji nimeweka, grinikadi nimeonyesha, NICS, ule ukaguzi wa rekodi wa shirikisho, ikarudi "delayed". Siku tatu za kazi zikapita kimya, sheria inamruhusu muuzaji akupe, yeye akasema sera ya duka lake hatoi mpaka jibu lije. Nikawa naenda narudi kama mtu anayedai deni. Kwa hiyo shemeji yako ajiandae, Ohio na Michigan ni majimbo mawili, lazima ipite kwa FFL, yaani muuzaji mwenye leseni ya shirikisho, ndo avuke nayo.

Wanjiku, Kalamazoo

Omari tafadhali usimchanganye mama wa watu. Kununua au kupewa zawadi kutoka jimbo lingine, ndiyo, FFL. Lakini kurithi ni kitu tofauti, sheria ya shirikisho imeweka wazi kwamba urithi unaruhusiwa kuvuka mpaka wa jimbo bila FFL, ilimradi anayerithi hajakatazwa kumiliki bunduki, yaani hana rekodi ya kumzuia, na bunduki ni halali anakoishi. Hii tumeijadili hapa zaidi ya mara moja. Cha kuangalia ni upande wa Michigan, maana toka Februari 2024 bunduki ndefu nazo zimeingizwa kwenye mambo ya leseni ya kununua, kwa hiyo muulizeni wakili wa mirathi kabla haijatoka nyumbani.

Na Mama Zawadi, kwa PC 577 kumbuka ada ya mahakama inahesabiwa kwa thamani ya mali. Wengine wangeandika hiyo 300 wakamaliza.

Babu K., Grand Rapids

Marahaba mwanangu, na poleni na msiba. Wanjiku, kwenye sheria uko sawa, kwenye 300 hauko sawa. Tofauti ya ada kwa dola mia kadhaa ni ndogo mno, na hapa kuna ndugu watatu wanaogawana. Ukiandika bei ya chini, anayechukua bunduki anapata zawadi kutoka mfukoni mwa wenzake. Wifi ana haki ya kulalamika.

Kwanza umri. Namba za Model 94 zinafuatana, na kuna alama njiani ambazo wawindaji wote wa huku wanazijua: ya milioni moja alipewa Rais Coolidge mwaka 1927, ya milioni moja na nusu Truman mwaka 1948, ya milioni mbili Eisenhower mwaka 1953. Yenu ya milioni moja na laki sita iko katikati ya Truman na Eisenhower. Hiyo 30 W.C.F. ni jina la zamani la .30-30, ni risasi ile ile, baadaye wakabadilisha maandishi kwenye mtutu. Kwa hiyo mnayo bunduki ya kabla ya 1964, na huo mwaka ndo unaogawa soko lote. Mwaka 1964 Winchester walibana gharama, vyuma vilivyokuwa vinachongwa wakaanza kuvipiga kwa mashine, pini imara zikawa za bati lililokunjwa, na chuma cha bodi, ile sehemu ya katikati inayobeba mtambo, kikawa cha aina isiyoshika vizuri bluu, ile rangi ya chuma, ndo maana nyingi za miaka ile zinabambuka rangi. Zinapiga vizuri tu, ila mnunuzi anayejua anaangalia namba kwanza, ikiwa chini ya 2,600,000 anavuta kiti.

Sasa hali yake. Sikilizeni hapa kwa makini maana bei iko hapa, haiko kwenye umri peke yake. Zimetengenezwa zaidi ya milioni saba, uzee tu haumshangazi mtu. Ipelekeni dirishani mchana. Angalieni chini ya bodi, pale mkono unaposhika ukiwa unatembea nayo porini: kama bluu imelika pale ikawa chuma cheupe kinachong'aa, na kwingine imebaki, hiyo ni alama ya kubebwa, ni ya kweli, haimtishi mtu. Kinachotisha ni bunduki nyeusi tii kila mahali. Basi tazama kona za bodi zimekuwa mviringo, herufi za mtutuni zimefifia, matundu ya skrubu yamebonyea kingo. Hapo mtu alipiga msasa akapaka bluu upya, na mkusanyaji haitaki tena, inabaki bei ya bunduki ya kazi.

Mbao vile vile. Kiwandani mbao iliachwa imezidi chuma kidogo pale vinapokutana, pitisha ukucha utausikia ule ukingo. Kama mbao iko chini ya chuma, ilipigwa msasa. Kitako kama kimekatwa kikawekwa raba, bei imeshuka. Kwenye bodi hesabuni matundu: hii Model 94 ya zamani inatema ganda juu, kwa hiyo darubini haikai vizuri katikati, watu wengi walitoboa ubavuni kuweka mkono wa darubini, na kila tundu lisilo la kiwandani linakula pesa. Vichwa vya skrubu vikiwa vimechanika, mtu aliifungua bila bisibisi sahihi.

Mwisho mdomo wa mtutu. Model 94 haisafishwi kirahisi kutokea nyuma, wazee walisukuma fimbo kutokea mbele miaka yote, mistari ya ndani ikalika pale mdomoni. Ingiza mwanga, tazama. Hakikisha haina risasi kwanza, chemba na tyubu ya chini pia.

Na nawaomba kwa jina la marehemu, MSIISUGUE. Hakuna stilwaya, hakuna vanishi.

Mama Zawadi, Lansing

Babu asante sana, nimesoma mara mbili. Ile sehemu nyeupe chini ipo kweli, sawasawa na ulivyosema, na kona ni kali. Kuna matundu mawili upande wa kushoto yamezibwa na skrubu ndogo. Kitako kina mkwaruzo mrefu lakini hakina raba. Barua lakini?

Omari, Toledo

Ndo maana mimi nilichukua 336, toka 1948 inatema ubavuni, juu tambarare darubini inakaa, na unafungua skrubu moja ya leva unatoa bolti unasafisha kutokea nyuma. Ila mtu akinunua Marlin ya zamani atafute ile alama ya JM kwenye mtutu, za kabla Remington hawajainunua kampuni. Mimi yangu inayo.

Babu K., Grand Rapids

Omari mwanangu mama hajauliza Marlin.

Mama Zawadi, matundu mawili upande wa kushoto yanaweza kuwa ya kiwandani ya kuweka shabaha ya nyuma, au mtu kaongeza, piga picha ya karibu nitaangalia. Na kwenye bei usiangalie wanachoomba watu mtandaoni, mtu anaweza kuomba elfu tatu mpaka uzeeni. Ingia GunBroker, ule mnada wa bunduki mtandaoni, chagua mauzo yaliyokamilika, tafuta carbine, yaani zenye mtutu mfupi, za miaka ile ile, kaliba ile ile, hali ile ile. Nilizoziona zikiuzwa zenye bluu nzuri bila kuguswa ni kati ya 700 na 1,000, zilizotobolewa chini ya hapo. Thamani ya mirathi ni ile ambayo mnunuzi na muuzaji wasiolazimishwa wangekubaliana, siku mzee alipofariki. Ile 300 ni bei ya mtu anayetaka kuiuza kesho apate faida, na ni haki yake kufanya biashara, lakini anayenunua hawezi kuwa ndo mpima thamani.

Kaka Juma, Dearborn

Mnanikumbusha nyumbani jamani. Babu yangu alikuwa na gobore, msimu wa mahindi analala kwenye dungu analinda nguruwe na ngedere, sisi watoto tunampelekea chai usiku. Lilikuwa na kibali na kila mtu kijijini alilijua. Leo vitalu vya uwindaji vinakwenda kwa wageni wenye dola, mwananchi akionekana na kitoweo cha porini anaitwa jangili.

Wanjiku, Kalamazoo

Angalau nyie mna vitalu. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, ndovu akila shamba lako unangoja fidia miaka. Lakini mimi naunga mkono marufuku, tulipoteza wanyama wengi sana.

Kaka Juma, Dearborn

Fidia ya karatasi hiyo dada. Wenye mashamba makubwa wana wanyama kibao ndani ya uzio, mkulima ndo anabaki na hasara. Na tukisema ukweli, huku Michigan tarehe 15 Novemba ikifika shule zingine zinafunga, mzee na wajukuu wanaingia porini, hakuna anayewaita majangili, na kulungu hawajaisha.

Wanjiku, Kalamazoo

Kwa sababu hapa kuna leseni, msimu, na ofisi inayohesabu kulungu. Usilinganishe.

Babu K., Grand Rapids

Yaanzishieni mada yenu hayo. Mama Zawadi bado nangoja picha ya matundu, na ya vichwa vya skrubu za ubavuni. Shemeji aambiwe asije kuichukua kabla fomu haijakubaliwa.

Mama Zawadi, Lansing

Picha nimezituma kwa email yako Babu. Karani nimempigia tena, kasema anataka "mtu mwenye sifa", nikamuuliza sifa gani, akasema hawezi kunishauri. Kuna yeyote kaunti ya Ingham ambaye barua yake ilipita?

Omari, Toledo

Dada, shemeji yako yuko Ohio sehemu gani? Nina risasi za .30-30 za ziada.