Nina tetekuwanga, nimejitenga chumbani, na sasa mkojo unachoma. Dawa naipataje bila kuwaambukiza watu?

Zabibu wa Nkuhungu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, hasa wale wa sekta ya afya.

Nipo Dodoma, Nkuhungu, nyumba ya kupanga. Vyumba vinatazamana, uwa ni mmoja. Mwanangu alirudi shule na tetekuwanga, akapona vizuri tu, kisha ikanigeukia mimi. Jamani, kwa mtu mzima ugonjwa huu si wa kuchezea. Vipele vimejaa mpaka kichwani, vingine vimeanza kukauka na vingine ndiyo kwanza vinajaa maji. Nimejifungia chumbani, chakula mdogo wangu ananiwekea mlangoni.

Kinachonifanya nijifungie kabisa ni jirani yangu wa chumba cha pili. Ni mjamzito, na anasema hakumbuki kama aliwahi kuugua tetekuwanga utotoni. Sitaki kabisa aipate kwangu.

Sasa tangu jana haja ndogo inanitesa. Naenda kila mara, unatoka kidogo, nikimaliza nahisi bado umo. Chini ya kitovu panauma, mkojo una ukungu na harufu kali. Mwaka jana niliugua UTI na ilianza hivi hivi. Homa sina, ile ya mwanzo wa tetekuwanga imeshashuka.

Nikienda kituo cha afya nitakaa benchi moja na wajawazito na watoto wa kliniki. Kwenye bodaboda nitakuwa nimemkaribia dereva hivyo hivyo. Nimefikiria kumtuma mdogo wangu duka la dawa hapa mtaani achukue antibiotiki, maana wanauza bila cheti, lakini roho inasita. Nifanyeje?

Mtoto wa Kibaigwa

Pole sana dada. UTI usiilaze. Mtume mdogo wako aseme tu "dawa ya UTI", watampa antibiotiki, sipro na Azuma, siku tatu umepona. Huku wengi ndivyo tunavyofanya. Kwa maumivu meza Brufen.

Mama Wawili Kisasa

Pole mwaya. Mimi ubuyu umenisaidia sana, loweka unga wake kwenye maji, kunywa bila sukari. Na kunywa maji mengi. Najua Nkuhungu maji ni ya mgao, lakini ya kunywa weka ndoo yako pembeni chumbani humo humo.

Nesi wa Zamu

Mleta uzi pole sana, na hongera kwa kumfikiria jirani yako. Mimi ni muuguzi. Nitaandika kirefu kidogo maana hapa kuna mambo mawili yamegongana.

Kwanza Brufen hapana. Mwenye tetekuwanga asimeze Brufen wala diklofenaki bila daktari kumwambia. Dawa za jamii hiyo zimehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi kwa wagonjwa wa tetekuwanga. Meza Panadol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Pili, nijibu hili kabla hujameza chochote: unachoma ndani wakati unatoka, au unachoma nje, mkojo unapogusa ngozi? Tetekuwanga inatoa vipele mpaka sehemu za siri. Kipele kikipasuka pale, mkojo ukikigusa unawasha moto kabisa, na mtu anaapa ni UTI. Huyo antibiotiki haimsaidii kitu, maana tetekuwanga ni kirusi.

Tatu, kuna uwezekano wa ujauzito kwako? Una kisukari? Mgongo unauma upande mmoja chini ya mbavu? Unatapika au kutetemeka kwa baridi? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, huu uzi usikucheleweshe, unatakiwa kuonwa leo.

Kama majibu ni hapana, basi kitu kinachotakiwa kufika kituoni leo ni mkojo wako. Wewe baki chumbani. Piga simu kwanza, omba kuongea na tabibu wa zamu, mwambie una tetekuwanga na dalili ulizotutajia, muulize kama watapokea sampuli ikiletwa na ndugu. Si kila kituo kitakubali. Wakisema lazima wakuone, waombe wakupangie saa ambayo watu wamepungua na mlango wa kupitia, uende na barakoa na nguo ndefu. Ukikosa namba ya kituo, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

Mkojo wenyewe uchukuliwe hivi. Mdogo wako anunue kikopo cha maabara chenye mfuniko famasi. Nawa mikono, jisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma. Ule wa mwanzo uache uende chooni, kinga wa katikati, usiguse ndani ya kikopo. Funika, futa nje, andika jina lako na saa uliyochukua. Uwafikie maabara ndani ya saa mbili. Hapo ndipo watu wengi wanaharibu: mkojo unachukuliwa alfajiri, unakaa dirishani na jua hili la Dodoma, bakteria wanazaliana humo humo kwenye kikopo, mchana unapimwa unaonekana una wadudu wengi kuliko ulivyotoka mwilini. Kama utachelewa, uwekwe kwenye friji, hapo unaweza kukaa hata saa 24.

Kuhusu ubuyu, kunywa tu dada, maji ni maji. Ila usiutegemee utibu UTI.

Zabibu wa Nkuhungu

Asante sana nesi. Nimejichunguza. Kuna kipele kimoja nje kweli na kinauma, lakini maumivu makubwa yapo ndani, mwishoni kabisa mwa kukojoa. Mimba hapana, hedhi nimemaliza juzi. Sukari sina, mgongo hauumi, sitapiki. Asubuhi napiga simu kituoni.

Mtoto wa Kibaigwa

Nesi, hapo kwenye Brufen umenifungua macho. Ila niulize, sipro ina shida gani? Mbona inaponya?

Mfamasia wa Chang'ombe

Mkuu nikujibu mimi hilo, maana nauza dawa na swali hili naulizwa kila siku.

UTI nyingi kwa wanawake zinaletwa na E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo mkubwa, njia ni fupi tu wakavuka. Kwa UTI ya kibofu isiyo na matatizo mengine, antibiotiki iitwayo nitrofurantoini inafaa zaidi kwa sababu inajikusanya kwenye mkojo wenyewe, na bakteria wengi bado hawajaizoea. Sipro ni silaha nzito. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, kwa sababu usugu dhidi yake unakua haraka. Azuma kwa UTI ya kawaida haina kazi kabisa, na watu wanaimeza kama pipi. Anayepona nayo mara nyingi angepona hata bila hiyo.

Na mtu anayenunua vidonge viwili vya leo, kesho vingine viwili akipata hela, huyo anawafundisha wadudu kuishi na dawa. Inaniuma kwa sababu baadaye anarudi na UTI ile ile, na kwenye rafu sina tena kidonge cha kumpa, anabaki na sindano.

Dada, ukiandikiwa nitrofurantoini, imeze na chakula, usishtuke mkojo ukiwa wa njano iliyokolea au kahawia. Na mdogo wako akiambiwa "hiyo hamna, chukua hii ni sawa tu", asichukue. Apige picha cheti akutumie, umpigie tabibu aliyeandika.

Mama Wawili Kisasa

Na yule jirani mjamzito jamani? Si walikuwa wanakaa wote uani kabla vipele havijatoka?

Nesi wa Zamu

Swali zuri sana mama, nilitaka kurudi kulisema. Tetekuwanga inaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza. Kwa hiyo jirani asisubiri vipele. Apige simu kliniki anakohudhuria aseme amekaa karibu na mgonjwa na hajui kama aliwahi kuugua. Asiende tu akakae foleni na wenzake. Kuna kipimo cha damu cha kuangalia kama ana kinga, na hatua za kumkinga zinategemea kuwahi mapema. Ugonjwa unaweza kuchukua mpaka siku 21 kujitokeza, hivyo asijione salama baada ya wiki moja.

Choo cha pamoja, mleta uzi akitumia afungue dirisha, apanguse mpini wa mlango na bomba kwa sabuni, taulo lake asiliache humo. Atoke chumbani vipele vyote vikishakauka na kuwa magamba, siyo vingi, vyote.

Zabibu wa Nkuhungu

MREJESHO wakuu.

Tabibu alipokea simu na akakubali mdogo wangu apeleke mkojo. Kijiti cha kupimia mkojo kimeonyesha naitraiti, dalili ya bakteria, na kwenye hadubini wameona usaha. UTI ipo kweli. Sampuli nyingine wameiotesha maabara waone ni mdudu gani na dawa gani inamfaa, majibu siku mbili tatu. Tabibu aliniuliza kwenye simu maswali yale yale ya nesi, akaandika nitrofurantoini ya siku tano.

Duka la kwanza walimwambia mdogo wangu imeisha, wakamwekea sipro kwenye bahasha ya khaki, tayari imeandikwa 1 x 2. Akakumbuka maneno ya mfamasia, akairudisha. Duka la tatu, mjini karibu na stendi ya daladala, ikapatikana. Nimeanza dozi jana jioni na leo kidogo afadhali.

Jirani ameshapiga simu kliniki. Wamemwambia aende kesho jioni, atapimwa damu peke yake.

Nesi wa Zamu

Nimefurahi sana. Maliza dozi yote hata ukijisikia mzima kesho. Siku mbili zikipita bila nafuu, mpigie tabibu aangalie majibu ya kuotesha, huenda mdudu wako anataka dawa nyingine. Homa ikirudi, mgongo ukianza kuuma upande, ukatapika dawa, nenda hospitali muda huo huo. Vivyo hivyo kifua kikibana au ukihema kwa shida, maana tetekuwanga kwa mtu mzima inaweza kushuka kwenye mapafu. Ukifika, simama nje, mdogo wako aingie kwanza awaambie mapokezi.

Mtoto wa Kibaigwa

Dada ugua pole. Nesi, mke wangu ana sipro zilizobaki kabatini tangu mwezi uliopita. Tuzifanyeje?

Mfamasia wa Chang'ombe

Zirudishe famasi mkuu, tuziteketeze kwa utaratibu. Usizitupe chooni, na usimpe mtu.