Chuma cha vitumbua: cha kusubu, cha alumini au nonstiki? Nimehamia gesi

BintiPangani

Wadau, hamjambo. Nina jambo linaloninyima usingizi, na najua humu kuna watu walioshika upawa miaka mingi kuliko mimi.

Nauza vitumbua asubuhi. Chuma changu ni cha kusubu, yaani cha kumiminwa kwenye kalibu, alikiacha marehemu mama. Kina mashimo saba: sita yamezunguka, moja katikati. Kwenye mkaa hakijanisumbua hata siku moja. Mwezi uliopita nimehamia gesi, na tangu hapo kitumbua cha katikati kinaungua, vya pembeni vinatoka vyeupe, ukivunja unakuta unga mbichi. Halafu wiki jana nililala hospitali na mgonjwa, chuma kikabaki na maji ndani. Niliporudi kilikuwa chekundu kwa kutu mpaka mpini.

Kabla ya kuamua nimejaribu aina zote tatu kwa unga wa bakuli moja: mchele wa kuloweka, tui, hamira, iliki. Cha alumini niliazima kwa jirani. Kinapata moto upesi na vitumbua vyote saba vinaiva pamoja, hilo nakiri. Lakini duru ya pili nikimimina tu, mafuta yananyamaza. Ule mlio wa "chwaa" haupo, kitumbua kinakaa pale kinanyonya mafuta. Nonstiki nilinunua kabisa. Hakuna kinachonata, ila ganda linatoka laini kama la keki, halina ule ukoko wa pembeni ambao mteja anauvunja kwanza. Na mimi nageuza kwa kijiti cha chuma cha mshikaki. Siku ya nne tu nimeona mikwaruzo. Cha mama nilikisugua harakaharaka nikajaribu shimo moja. Ukoko ulikuja vizuri, lakini kitumbua kilitoka vipande vipande.

Nikifufue hiki, au nikiweke kabatini kama ukumbusho nihamie alumini? Nataka kuendelea na gesi, mkaa sitaki kurudi.

MpishiKongowea

Pole kwa kuuguza, dada. Hicho chuma usikiweke kabatini. Kutu ya wiki moja iko juujuu tu. Mimi niko Mombasa, na upepo wa chumvi hapa kwetu hushikisha chuma kutu hata kikiwa ndani, kwa hiyo kazi hii nimeifanya mara nyingi.

Changanya siki na maji nusu kwa nusu, kizamishe chuma kwa nusu saa. Kisipite saa moja, maana siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Kitoe, sugua kila shimo kwa stilwaya mpaka ukipitisha kitambaa cheupe kisitoke na rangi ya tofali. Suuza, kisha kiweke motoni papo hapo. Usikiache kikauke kwa hewa. Utakiona kinarudi chekundu ukikitazama.

Sasa kukizoesha, yaani kukijengea utando wa mafuta ili kisinate. Kikiwa na uvuguvugu pakaa mafuta ndani, nje na kwenye mpini, halafu chukua kitambaa kingine kikavu uyafute yote mpaka chuma kionekane hakina kitu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mafuta yakiwa mengi yanageuka gundi, na hiyo gundi ndiyo inayoshika kitumbua. Kigeuze kifudifudi motoni, kifunike kwa sufuria kuukuu, kiache kama saa nzima mpaka moshi ukome. Kipoe, pakaa tena. Mara ya kwanza kitakuwa kahawia, usiogope. Ya nne au ya tano kinaingia weusi.

Siku ya kupika chukua nusu ya kitunguu maji, kichome uma mgongoni, chovya kwenye mafuta usugue kila shimo kabla ya kumimina. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa nyumbani, na mpaka leo sipiki duru ya kwanza bila kitunguu.

Mwl_Kemia

Nafundisha kemia sekondari na nyumbani mimi ndiye mpika chapati, kwa hiyo nina maslahi pande zote mbili. Nawaomba tusichanganye kushika moto na kusambaza moto, kwa sababu tatizo la BintiPangani limekaa hapo hapo.

Watu husema chuma kinasambaza moto sawasawa. Si kweli. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 4 ya chuma cha kusubu. Ndiyo maana kwenye cha jirani vitumbua saba viliiva pamoja. Kwenye mkaa hukuliona hilo kwa sababu makaa yenyewe yametanda chini ya chuma chote, jiko ndilo lililokuwa linasambaza. Gesi inatoa moto wa duara dogo katikati, na chuma hakiwezi kuusukuma ule moto mpaka pembeni kwa muda unaokipa.

Sifa ya chuma ni kushika. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha kusubu ina uzito wa gramu 7.2 hivi, ya alumini ni 2.7. Gramu kwa gramu alumini inabeba joto karibu mara mbili, lakini kikaango cha kusubu ni kizito na kinene kiasi kwamba akiba yake ya joto ni kubwa zaidi. Ukimimina unga wa baridi, chuma kinatoa kwenye akiba na mafuta yanaendelea kulia. Alumini nyembamba haina akiba hiyo. Mafuta yakipoa, maji yaliyomo kwenye unga hayatoki kwa nguvu kama mvuke, na mafuta yanapata njia ya kuingia. Hicho ndicho ulichokiona kwenye duru ya pili.

Kwa hiyo fanya hivi. Gesi iwe ndogo kabisa, chuma kikae dakika 10 hadi 12 kabla hujamimina chochote. Kizungushe robo kila baada ya dakika tatu. Kama una tawa kuukuu la chapati, liweke juu ya jiko kwanza, chuma cha vitumbua kikae juu yake. Ule moto utatanda kwenye tawa kabla haujapanda. Na shimo la katikati limiminie mwisho, ulitoe kwanza.

Kuhusu mafuta ya kuzoeshea: tumia alizeti. Yakichomwa membamba yanaungana na hewa na kuwa utando mgumu, kama rangi inavyokauka ukutani. Mafuta ya nazi asilimia kubwa, karibu 90, ni ya aina isiyoungana hivyo. Kukaangia ni mazuri sana, lakini utando wake hubaki laini.

BiZuhura_Muscat

Mwanangu Mwalimu, nakuheshimu, lakini mama yangu Unguja hakuwahi kushika mafuta ya alizeti. Chuma chake kilikuwa cheusi kinang'aa, na kwetu mafuta yalikuwa ya nazi.

Mwl_Kemia

Shikamoo Bi Zuhura. Sikatai hata kidogo. Chuma kikipikiwa kila siku miaka 20, juu yake kuna nazi, kuna samli, kuna kila kilichokaangwa, na utando unajijenga taratibu. Huyu dada anataka kuuza Jumatatu, ndiyo maana nikasema alizeti.

BiZuhura_Muscat

Marahaba mwanangu, hapo tumekubaliana.

Basi niseme la nonstiki. Mimi huku napikia jiko la umeme la kioo. Nilikuwa na tawa la nonstiki la chapati, nikaliacha tupu motoni nikaenda kupokea simu. Niliporudi jiko lote lina harufu kali ya kuwasha koo. Mwanangu anaishi Marekani akaniambia usilitumie tena, likipita nyuzi 260 za Selsiasi ule utando unaanza kuharibika na kutoa hewa mbaya, hata ndege wa kufugwa ndani hufa. Chapati inataka tawa kavu la moto sana, kwa hiyo huko si mahali pake. Akaniletea kikaango cha chuma cha kusubu cha kampuni ya Lodge, hawa wana kiwanda chao Tennessee tangu 1896, kimeshazoeshwa kwa mafuta ya soya kiwandani. Kinapika vizuri sana, ila kizito, mikono yangu ya uzee inakilalamikia. Na kwa wenye majiko ya kioo: kinyanyueni, msikiburute, kinakwaruza kioo.

Kwa mayai nonstiki nimebaki nayo, moto mdogo, mwiko wa mbao.

MamaPili

Mimi nitasimama upande wa alumini, maana naona kimeonewa. Natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri na kila kitu kwenye bodaboda: jiko, mtungi, ndoo ya unga, mafuta. Chuma cha kusubu cha mashimo 12 ni mzigo wa peke yake. Cha alumini nakibeba kwa mkono mmoja, kinapata moto kabla sijamaliza kupanga sahani, na mvua ikinikuta njiani sina wasiwasi wa kutu. Duru ya pili mimi nasubiri dakika moja mafuta yalie tena, ndipo namimina. Wateja wangu hawajalalamika.

FundiGerezani

MamaPili ana haki yake. Niongeze ya ufundi tu.

Kwanza kujua unachonunua. Nenda na sumaku. Alumini haishikwi na sumaku, na kuna vikaango vya alumini vilivyopakwa rangi nyeusi vinauzwa kwa jina la chuma. Kama sumaku imeshika, tazama chini yake: cha kusubu kina chembechembe kama mchanga, kwa sababu kimemiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Kama ni laini na kingo ni nyembamba, hilo ni bati nene limegongwa. Bati si baya. Kwa tawa la chapati mimi napenda bati nene, jepesi na halivunjiki.

Pili, cha kusubu kinavunjika. Kina kaboni asilimia 2 hadi 4, ndiyo inayofanya kiwe kigumu na kikavu vilevile. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika mpini, na kikiwa cha moto ukakimwagia maji baridi kinapasuka. Wanakuja nacho kwangu wanataka nikichomelee. Kwa fimbo ya kawaida ya kuchomelea, ufa unafunguka tena pembeni ya pale nilipounga. Namwambia mtu ukweli, anunue kingine.

Tatu, alumini ya kumimina mitaani. Sisi tunajua kinachoingia kwenye ile tanuri: vipande vya injini, rejeta, makopo, chochote. Mimi kwa chakula cha wanangu situmii.

Mwl_Kemia

Fundi amegusa jambo zito. Utafiti wa sufuria za alumini za kusubiwa kutokana na vyuma chakavu nchini Cameroon, uliochapishwa 2014, ulikuta madini ya risasi yanatoka kwenye sufuria na kuingia kwenye chakula. Risasi huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. MamaPili, nakuomba uangalie kama chako ni cha kiwandani.

Upande wa pili, Ethiopia walilinganisha watoto waliolishwa vyakula vilivyopikwa kwenye vyungu vya chuma na waliopikiwa kwenye alumini, matokeo yakatoka 1999 kwenye jarida la Lancet: wa vyungu vya chuma walikuwa na hali nzuri zaidi ya damu. Kitumbua hakikai muda mrefu kwenye chuma kama mchuzi, kwa hiyo usitegemee sana hapo. Na mchuzi wa nyanya, ukwaju au ndimu usiupike kwenye chuma ulichozoesha juzi. Uchachu unakwangua utando wote na mchuzi unakuwa na ladha ya msumari.

MamaPili

Mwalimu, nimekigeuza nikakitazama. Hakina jina wala alama yoyote, nilikinunua mnadani. Nina wajukuu wawili wanaokula hapo kila asubuhi. Nimeumia kusoma hivi, lakini asante kwa kuniambia. Nitaulizia cha chuma cha mashimo saba, hicho bodaboda itakibeba.

MpishiKongowea

Mama, ukikipata usikioshe kwa sabuni ya magadi, inavua utando kama siki. Sabuni ya maji kidogo na dodoki inatosha, halafu motoni kikauke, tone la mafuta, basi.

BintiPangani

Wapendwa, narudi na majibu. Nilitumia siki kama MpishiKongowea alivyosema, dakika 30. Maji yalitoka kama chai ya rangi. Nimekizoesha mara tano kwa alizeti, siku mbili, na mara ya tatu nilizidisha mafuta ikabidi nisugue upya ile gundi.

Leo alfajiri nimeweka tawa chini, gesi ndogo, nikasubiri dakika 12 kwa saa ya simu. Nikapitisha kitunguu. Sukari nayo nimeipunguza, nimeona ndiyo ilikuwa inashika chini. Duru ya kwanza viwili vilinata. Duru ya pili mafuta yalilia vilevile kama ya kwanza, nikaingiza kijiti pembeni na kitumbua kikazunguka chenyewe, kahawia mpaka ukingoni. Vya pembeni vimeiva ndani. Cha katikati bado kinawahi, nakitoa kwanza kama Mwalimu alivyoelekeza. Gesi naona inakwenda zaidi kidogo kwa ule muda wa kusubiri, hilo nalihesabia kwenye bei.

Nonstiki nimempa mdogo wangu wa mayai. Shimo la tatu kutoka mpini bado linashika kidogo, Jumapili nalirudia mafuta.