Wauza spea na mafundi, acheni kutuuzia kulanti kwa rangi! Hedi ya Prado yangu imepasuka

Wakuu, habari za jioni. Mimi si mtu wa kufungua nyuzi za malalamiko, humu huwa nasoma tu na kuulizia bei za matairi. Leo nimeshindwa kunyamaza. Hedi, yaani kichwa cha injini, ya gari langu iko juu ya meza ya mchongaji hapa Arusha, ina nyufa mbili unazoweza kuzigusa kwa ukucha, na chanzo chake ni dumu la kulanti, yale maji ya kupozea injini, ya kijani, ambalo nimelilipia kwa pesa yangu mwenyewe.

Gari ni Prado ya zamani, zile 95, injini 1KZ-TE, dizeli ya tabo, cc 2982. Wanaozimiliki wanajua. Bloku ni chuma, hedi ni aluminiamu. Mashimo inavumilia, tope inavumilia, mzigo wa kupindukia inabeba bila kulalamika. Kuchemsha ndiyo haiwezi. Ikichemsha vizuri mara moja tu, hedi inapasuka kati ya valvu au pale kwenye vyumba vidogo vya mwako, na ukishafika hapo unaongea na wachongaji. Kwa kulijua hilo, tangu nilinunue kila miaka miwili namwaga kulanti yote na kuweka mpya, ile nyekundu ya Kijapani.

Kabla ya safari ya Ziwa Natron nikalipeleka gereji moja kwa sevisi ya kawaida: oili, filta, breki. Fundi wangu wa siku zote alikuwa msibani. Kijana aliyeshika zamu akaona maji kwenye tangi la akiba yamepungua kidogo, akaja na dumu la kijani. Nikamuuliza, "Fundi, humo ndani kuna nyekundu, hiyo ya kijani inaingiliana kweli?" Akanijibu bila hata kugeuka: "Bosi, kulanti ni kulanti. Hizo rangi ni za kampuni tu." Nikanyamaza. Nilikuwa na haraka, na yeye ndiye fundi.

Kumbe hakuishia hapo. Risiti nimekuja kuisoma vizuri baada ya maafa, mstari wa chini kabisa umeandikwa "dawa ya rejeta 1". Aliona unyevunyevu kwenye wota pampu, badala ya kuniambia pampu inaanza kuvuja akatia chupa nzima ya dawa ya kuziba matundu, kisha akajazia maji ya bomba. Hakuniuliza. Hakuniambia. Amenichaji.

Tulitoka Mto wa Mbu alfajiri, tukapita Engaruka, tukafika Engare Sero salama, mlima Lengai ukiwa kushoto kwetu haina hata wingu. Tukalala. Kesho yake tukaanza kupanda ule ukingo kuelekea Sale. Ile njia wanaoijua wanaijua: mawe, kona za kukunja, jua la bonde linapiga, gari liko gia nzito, upepo wa mbele hakuna kwa sababu unatembea kama mtu wa miguu. Mshale wa joto uko katikati. Uko katikati. Uko katikati. Halafu ghafla heater ikaanza kutoa hewa ya baridi, na kabla sijamwambia mdogo wangu kitu mshale ukaruka juu, mvuke ukatoka chini ya boneti.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuokoa injini yake. Mshale wa hizi Toyota umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kiasi, ili dereva asihangaike. Ukianza kusogea, umeshachelewa. Na maji yakiisha kabisa mahali ilipo sensa, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, inasoma uongo. Heater kutoa baridi wakati injini ni ya moto ni dalili kwamba maji hayazunguki. Ukiona hivyo zima gari hapo hapo, hata kama ni katikati ya kona.

Tumevutwa hadi Arusha. Fundi wangu aliporudi akafungua kila kitu mbele yangu. Rejeta tulipeleka kwa fundi rejeta, akakata tangi la juu. Wakuu, nimeona. Mirija zaidi ya nusu imeziba. Ndani kuna uji wa rangi ya kahawia, mzito, unavutika kama mlenda, na chini yake kuna ganda jeupe gumu ambalo alikuwa analikwangua kwa msumeno wa chuma linatoka vipande vipande. Ule mlenda ni kulanti mbili zilizokataana. Ganda jeupe ni chokaa ya maji ya bomba. Vile vichembe vya kung'aa vilivyonasa mdomoni mwa mirija ni dawa ya kuziba matundu, ambayo kazi yake ni kuziba, na haijui kutofautisha tundu linalovuja na mrija wa rejeta. Pampu yenyewe bado ilikuwa inavuja.

Sasa tuongee kuhusu rangi.

Rangi kwenye kulanti ni rangi tu, inatiwa kiwandani. Hakuna sheria ya dunia inayosema kijani ni aina hii na waridi ni aina ile. Ya waridi ya Toyota na ya waridi ya Volkswagen zinafanana kwa macho, ndani ni vitu viwili tofauti. Kuna ya kijani ya zamani yenye silikati, na kuna ya kijani ya Kijapani isiyo na silikati hata kidogo. Fundi anayechagua kwa rangi anabahatisha kwa injini yako.

Kinachotofautisha kulanti ni viungo vya kuzuia kutu. Karibu zote msingi wake ni ule ule, ethilini glaikoli na maji. Za kizamani hutumia silikati na fosfati, zinafanya kazi haraka lakini zinachoka mapema, kama miaka miwili. Za kisasa hutumia asidi ogani, zinakaa miaka mitano au zaidi. Wajapani kwa miaka mingi wamekataa silikati kwa sababu inasaga sili (vizuia uvujaji) za wota pampu, wao wanachanganya fosfati na asidi ogani. Wazungu wa Ulaya wamekataa fosfati kwa sababu maji yao mengi ni magumu, na fosfati ikikutana na kalsiamu ya maji magumu inageuka chokaa ndani ya mirija. Kila mmoja ana sababu zake na zote ni za kweli. Ukizimwaga zote kwenye rejeta moja, ukaongeza na maji ya kisima, viungo vinaachiana, vinaganda, na unabaki na ule uji niliouona.

Kuna wanaosema, tena wengine ni mafundi wa miaka mingi: "Kulanti ni ya Ulaya, huku hakuna barafu, weka maji." Hii kauli imeua injini nyingi kuliko ajali. Ni kweli hatuhitaji kinga ya kuganda. Lakini chuma cha bloku na aluminiamu ya hedi vikikaa pamoja ndani ya maji matupu, aluminiamu inaliwa. Na kuna jambo la mwinuko ambalo sisi wa huku kaskazini tunalisahau. Maji yanachemka nyuzi 100 ukiwa Tanga ufukweni. Hapa Arusha, mita 1,400, yanachemka karibu 95. Ukingoni mwa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, ni kama 92. Kinachotuokoa ni presha ya mfuniko wa rejeta na glaikoli iliyomo, vyote vinapandisha kiwango cha kuchemka. Ndiyo maana mfuniko uliochoka mpira unatosha kukuchemshia gari mlimani hata kama kila kitu kingine ni kizima. Badilisheni mifuniko, ni rahisi kuliko kila kitu nilichokitaja hapa.

Halafu mseto. Kuna dumu la kuchanganya na kuna dumu lililochanganywa tayari. Nusu kwa nusu inatosha, na kwa joto letu hata thuluthi moja ya kulanti kwa thuluthi mbili za maji safi inaweza kulinda, lakini usishuke chini ya hapo. Mafundi wanachukua lile lililochanganywa tayari wanaliongeza maji tena nusu, unaondoka na robo. Wengine wanatia lile zito bila maji wakidhani wanakufanyia hisani. Glaikoli tupu inabeba joto vibaya kuliko maji, gari litachemsha zaidi. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri. Angalieni chupa kwa makini, dukani ukisema "maji ya betri" tu unaweza kupewa asidi.

Dawa za kuongezea ndizo zinaniumiza zaidi, kwa sababu zinauzwa kwa woga wa mteja. Zipo dawa halali. Malori makubwa na mitambo yenye silinda laina za kulowa (kuta za silinda zinazoguswa na maji moja kwa moja) zinahitaji nyongeza ya naitraiti au mfano wake, kwa sababu laina inatetemeka, viputo vinapasukia ukutani na kutoboa chuma vitundu vitundu hadi maji yanaingia kwenye oili. Hao wana karatasi za kupimia, wanaweka kwa kipimo. Ukiiga kwao ukatia kwenye Prado au Hilux bila kupima, unazidisha viungo na vikizidi vinaganda. Ile dawa ya kufanya maji "yalowanishe" vizuri ilitengenezwa kwa ajili ya magari ya mashindano yanayotumia karibu maji matupu. Kwenye mseto wa nusu kwa nusu faida yake ni ndogo mno. Na dawa ya kuziba matundu iwe kitu cha kukutoa porini usiku, uje umwage, usafishe na urekebishe panapovuja. Si ya kutiwa gereji, mjini, mchana, wakati duka la wota pampu liko ng'ambo ya barabara! Nimeshamwona pia fundi akitia binzari kwenye rejeta ya mteja. Binzari, wakuu. Kiungo cha mboga kinatiwa kwenye injini ya mtu.

Na wale wanaong'oa themostati, ile valvu inayofungua maji yaende rejeta injini ikipata moto. Gari likichemsha tu, la kwanza ni kung'oa themostati na kukurudishia mkononi kama jino. Themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato pale injini inapopata moto. Ukiing'oa, sehemu ya maji ya moto inazunguka njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Mlimani, chini ya mzigo, unaongeza tatizo. Ukiwa barabara ya tambarare asubuhi injini haipati joto lake, inakula mafuta na inachakaa. Ya kwangu nimekuta ipo, namshukuru Mungu kwa hilo moja.

Gharama siziandiki zote, zinaniuma. Hedi, gasketi, boliti za hedi mpya, kuchonga, rejeta, wota pampu, gari la kuvuta kutoka Engare Sero. Ni ada ya watoto wangu wawili na bado nadaiwa. Nimerudi gereji, mwenye gereji kaniambia gari ni la zamani, "hizo injini ndivyo zilivyo". Kijana aliyetia lile dumu alikuwa amesimama pale pale anafuta mikono, hakusema neno.

Ninachodai hakihitaji mtaalamu kutoka nje. Dumu liandikwe ndani yake kuna nini na limekidhi kiwango gani: kama ni cha Kijapani JIS K 2234, kama ni cha Kimarekani ASTM D3306 kwa magari madogo, D6210 kwa mitambo mikubwa. Muuzaji wa spea akuulize injini, asikuulize rangi. Fundi asitie kitu chochote kwenye rejeta yako bila kukuonyesha chupa. Basi.

Nyongeza, saa tatu usiku: wengi mmeniuliza PM nifanyeje kama nimeshachanganya. Mwaga yote leo, usisubiri safari. Jaza maji safi, washa gari na heater ikiwa wazi hadi maji yapate moto, zima, subiri lipoe, mwaga. Rudia hadi yatoke meupe. Mara ya mwisho tumia yaliyokenekwa, ndipo uweke kulanti ya aina moja. Hizi 1KZ zinashika hewa sana, lipaki pua ikiwa juu ya mwinuko wakati wa kujaza, na liache lipumue hadi viputo viishe. Ile uliyomwaga usiiache kwenye chupa ya soda karibu na watoto au mbwa, ni tamu na ni sumu.

Dumu lile bado ninalo, nililichukua kwenye taka za gereji. Lebo yake ina picha ya gari na neno "COOLANT", hakuna kiwango, hakuna anwani ya mtengenezaji, hakuna hata neno moja la kilichomo. Jumatatu nalipeleka TBS, shirika la viwango. Ila la kwangu limefunguliwa, ni rahisi kuambiwa nimetia kitu mwenyewe. Mwenye dumu kama hilo ambalo halijafunguliwa, la kijani, mfuniko mweusi, popote kati ya Arusha na Moshi, aniandikie. Nalifuata mwenyewe kwa bodaboda, na bei aliyonunulia namrudishia.