Tupeane uzoefu: disiki ya USB ku mashini ya zamani yenye Linux, yako ilikusumbua namna gani?

Mwanzilishi, Katindo

Bandugu salamu. Naanza na yangu, na nyie mulete zenu, lakini za kweli, zile zilikufikia weye mwenyewe, hapana za kusikia.

Mi nafanyaka video za ndoa na za matanga. Niko na laptopu ya zamani, RAM giga 2, ya bit 32, nilitia Debian 12 (aina moja ya Linux) juu ndjo iliyokuwa bado inakubali hizi mashini zetu (ile 13 ya 2025 haitoe tena instolesheni ya bit 32, basi mujue). Nikauza kamera ya zamani nikaenda Birere, hapa kwetu Goma, kununua disiki ya inje ya tera 1. Nafika ku nyumba, nabransha: katataa ka buluu kanawaka, ndani inafanya tik... tik... tik, kisha kimya. Natosha narudisha, tena tik tik. Ku skrini hakuna kitu.

Nikarudi Birere na hasira yangu yote. Muuzaji anabransha ku mashini yake mbele ya batu, inafunguka mara moja. Haya yake! Narudi ku nyumba, tik tik. Narudi Birere, inafunguka. Safari tatu kwa pikipiki bila mafuta ya kutosha, na ya tatu yule papa aliniangalia sawa vile mutu anaangalia mugonjwa.

Siku ile nikafungua terminal, nikaandika `sudo dmesg -w` (inaonyesha yale mashini inaona palepale) kisha nikabransha huku naangalia. Mistari inashuka: inaona disiki, inapoteza disiki, inaona tena, "error -71". Kumbe haikuwa disiki, ilikuwa nguvu. Porti ya USB 2.0 inaahidi miliampea 500 tu, na hii disiki ndogo ya kuzunguka, pale inaamka, inataka zaidi ya ile. Mashini ya muuzaji ilikuwa na porti ya USB 3.0 inayotoa 900. Hakuna aliyedanganya mwenzake. Nikatia kamba ya vichwa mbili, kichwa kimoja ku porti hii, cha pili ku porti ingine, tik tik ikaisha. Hub (ile ya kuongeza maporti) yenye chaja yake pia inafanya kazi, kama umeme uko, na mi nasema *kama*.

Wa Ndosho

Mukubwa, yako ni ya haya, yangu ni ya usiku. Nilisoma mahali kwamba ukitaka disiki ifunguke yenyewe unaandika mustari mu `/etc/fstab`, ile orodha ya madisiki mashini inafungua ikiwaka. Nikaandika `/dev/sdb1`, jina Linux inapatia disiki kwa kufuata zamu. Ikafanya muzuri siku nne. Siku ya tano mudogo wangu ameacha flashi yake ku mashini, nawakisha, flashi ndjo imekuwa sdb, disiki imekuwa sdc, na siku nyingine mudogo akabeba disiki kwa rafiki yake bila kuniambia. Nawakisha: mashini inahesabu sekunde, inafika dakika 1 na nusu, kisha inaniandikia "emergency mode" na kuniomba neno la siri la root. Ni saa tano ya usiku na asubui niko na kazi ya kupeleka mu karatasi. Nilijua nimeua mashini.

Sasa naandikaka hivi, munakili:

`UUID=namba-yake /mnt/disiki ext4 defaults,noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=10 0 2`

Namba unaipata kwa `sudo blkid`. UUID, namba ya disiki yenyewe, haibadilike ata flashi kumi zikiingia. Na ile `nofail` ndjo dawa yenyewe: disiki haiko, basi mashini inaendelea na maisha yake. Kisha unapima kwa `sudo mount -a` MBELE ya kuzima, hapana nyuma.

Mama Sekretaria, Birere

Mi niko na mashini mbili za Linux pa kazi, batu wanaleta madisiki yao ya kuimprime. Shida yangu ni moja na inarudi kila wiki: disiki inafunguka, nasoma, lakini nikitaka kuandika inakatala, "read-only". Mwanzo nilikuwa naambia mteja disiki yake imeharibika, Mungu anisamehe. Kumbe Windows ya siku hizi, ukiizima, haizimike kabisa, inalala nusu ili iwake mbiyo kesho, na disiki ya NTFS (mupango wa faili wa Windows) inabaki sawa kitabu kilichofunguliwa pa meza. Linux inaona hivyo inaogopa kuandika, na iko na haki.

Sasa nabaambia: papa, rudi ku mashini yako, ushikilie Shift huku unabonyeza kuzima, ama uitoshe na ile alama ya kutosha salama, kisha uniletee. Wanakasirika kidogo. Kuna petit mumoja alinifundisha njia ya kulazimisha kwa nguvu, `remove_hiberfile`, lakini ile inafuta kazi mutu aliyoiacha wazi, na kazi ya mutu si yangu, sitaki.

Wa Himbi

Yangu fupi na ya aibu. Kunakili giga 200 kwa USB 2.0, mega 30 kwa sekunde ukibahatika, ni karibu masaa mawili. Umeme wetu munaujua. Dirisha likaandika imeisha, nikatosha disiki mbiyo juu betri ilibaki asilimia 4. Kufungua kesho: faili ya mwisho iko na jina tu, ndani sifuri. Ile "imeisha" ilikuwa ya mu RAM, disiki ilikuwa bado inameza. Sasa naandika `sync` ili yote ishuke ku disiki, naikalia mpaka irudi, kisha `umount` ya kuifunga. Ilikuwa sherehe ya dada yangu, ile sehemu ya keki. Hajajua mpaka leo, na hasomi hapa.

Wa Majengo

Mimi nitawapeleka mwaka 2021. Tarehe 22 mwezi wa 5 Nyiragongo ilipuka usiku, na tarehe 27 asubui wakasema Majengo nasi tutoke. Kila mutu alibeba cha kwake. Mama alibeba sufuria, mi niliacha mashini, nikafunga disiki mu kitenge, nikapanda mashua ya Bukavu. Foto zote za baba yetu marehemu zilikuwa pale.

Bukavu, kwa binamu yangu Nguba, nabransha ku mashini yake ya Windows. Inatoka dirisha: unahitaji kuformati disiki kabla ya kuitumia. Chini, kibonyezo. Binamu tayari ameweka kidole! Nilimupiga mukono, kweli nilimupiga. Nilikuwa nimeiformati ext4, mupango wa faili wa Linux, na Windows haijue ext4, inaona sawa vile kitu kitupu. Wiki nzima foto ziko mu mukono na siwezi kuziangalia, mpaka tulipata kijana wa chuo mwenye Linux. Na pale tena ilikatala kufungua folda, juu ext4 inakumbuka mwenye faili kwa namba, mi kwangu ni 1000, kwake akaunti yake ni 1001. `sudo` ikatatua kwa dakika moja.

Basi mi nimegawa disiki vipande viwili: kidogo exFAT (Windows na Linux zote zinaisoma) cha kubeba foto za jamaa, kingine ext4 cha kazi. FAT32 sitaki, faili ikipita giga 4 inakatala. Kwa exFAT mukuwe na kernel (moyo wa Linux) 5.4 na kwenda mbele. Ya zamani zaidi inataka kuongeza pakiti.

Mwanzilishi, Katindo

Yaya wa Majengo, umenitisha, yangu yote ni ext4. Kesho nagawa.

Na moja ingine: kama mashini yako ikiwaka inasimama ku skrini nyeusi ya mwanzo, utoshe disiki kwanza. BIOS za zamani zinajaribu kuwakia pale.

Wa Ndosho

Mukubwa, ile kamba ya vichwa mbili ulinunua wapi na ngapi? Nimezunguka Virunga yote.

Mwanzilishi, Katindo

Sikununua. Nilirudi mara ya nne kumweleza yule papa wa Birere, akacheka, akafungua karton ya takataka za chini ya meza akaitosha humo. Alisema hakujua ni ya nini.