Eti mimi "si mwanachama hai"! Chama cha marubani kinajua kukata tu, ukitafuta kazi shirika jingine hawakujui

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka ofisini kwao sasa hivi, niko kwenye daladala la Gongo la Mboto na mikono bado inatetemeka.

Jina silitaji. Nitamwita Yule Bwana. Marubani wote mnamjua, wahudumu wa ndani mnamjua, hata wapakia mizigo mnamjua.

Nimekaa kiti cha kulia cha ndege ya ATR, yaani rubani msaidizi, miaka minne. Kila mwezi makato ya chama yanachomolewa juu kwa juu kabla mshahara haujafika kwangu. Sijawahi kuuliza, sijawahi kulalamika. Kampuni ikapunguza watu, nami nikapunguzwa. Sasa nimeitwa usaili shirika jingine, nje ya nchi. Wanataka barua mbili: ya mamlaka ya usafiri wa anga kuthibitisha leseni yangu, hiyo ninayo, na ya mwajiri wa zamani kwamba hanidai. Mwajiri anasema bondi ya mafunzo (ule mkataba wa kumtumikia muda fulani kwa kuwa alikulipia mafunzo) ilibaki miezi minane, nilipe kwanza ndipo aandike. Jamani, walionitoa kazini ni wao! Nikasema hili ndilo la chama. Barua moja tu, simu moja tu.

Yule Bwana alikuwa anakula sambusa. Hakuinua macho. Akabonyeza kompyuta kwa kidole chenye mafuta, akanigeuzia skrini: "Kijana, una miezi miwili hujalipa. Wewe si mwanachama hai."

HAI! Mbele ya dada wa mapokezi! Miezi miwili hiyo ndiyo sina mshahara, ndiyo iliyonipeleka pale! Mshahara umekatika, hayo makato yangechomolewa wapi, kwenye ukucha?

Na rubani hawezi kukaa barazani kusubiri. Usiporuka na kutua mara 3 ndani ya siku 90, hubebi abiria mpaka urudishwe kwenye ukaguzi, na simuleta yenyewe, ile mashine ya kuigiza urukaji, unaifuata kwa ndege, kwa dola zako. Leo ni siku ya 71 tangu nitue Mtwara mara ya mwisho. Cheti cha afya daraja la kwanza nacho kinahesabu siku. Mimi nahesabu siku, yeye anahesabu sambusa.

Monarch ilipoanguka Uingereza Oktoba 2017, na Thomas Cook Septemba 2019, chama chao BALPA kilisimama na marubani wake kutafuta kazi kwingine. Hapa kwetu fastjet iliposimama Desemba 2018 nilikuwa bado shule ya urubani, nikasema moyoni zamu yetu ikifika chama kitakuwa kimejifunza. Kumbe kimejifunza kugeuza skrini.

Si hai! Mtu ana mdomo umejaa sambusa ananiambia mimi si hai!

#2 Kiti cha Kushoto
Pole sana mdogo wangu. Mimi mwaka jana niliambiwa maneno hayo hayo, na mtu huyo huyo. Siku hiyo ilikuwa chapati.

#3 Mzee wa Kitonga
Rubani kwenye daladala? Uzi una walakini.

#4 Mleta uzi
Mzee, mtu hana mshahara, ulitaka nipande nini? Soma uzi. Kanigeuzia skrini!

#5 Karani wa Mahakama
Mkuu, hasira weka pembeni kidogo. Kuachishwa kazi kunapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, migogoro mingine siku 60. Kama barua ya kudai bondi ni ya juzi, wahi. Kama zile 30 zimepita, jaza Fomu namba 2 uombe kuongezewa muda na ueleze sababu.

#6 Mleta uzi
Asante sana kaka. Zile 30 zilipita nikimsubiri yeye. Kila nikipiga simu: "Tulia kijana, tunalishughulikia." Wakati huo nilikuwa hai. Alipomaliza kunituliza ndipo nikafa.

#7 Mwalimu wa Zamu
Afadhali nyie mnakaribishwa ofisini. Sisi walimu tunakatwa asilimia 2, ukiuliza unapewa fulana ya Mei Mosi.

#8 Chaki Nyeupe
Wewe ulipata fulana? Shuleni kwetu zilikuja kofia, tena kumi kwa walimu ishirini na tatu. Mkuu wa shule akachukua mbili.

#9 Nesi Mkunga
Mimi mwili huu nikapewa fulana ya kumtosha mwanangu wa darasa la tano. Nikaandamana nayo hivyo hivyo mbele ya mgeni rasmi. Picha ipo, siitoi.

#10 Mzee wa Kitonga
Itoe.

#11 Mleta uzi
Wadau tusitoke nje ya mada. Nina siku 19 zimebaki. Kuna mtu anamfahamu mwenyekiti wao anisaidie namba yake? Maana huyu wa skrini siwezi kumrudia, nitamwaga chai yake.

#12 Kiti cha Kushoto
Mwenyekiti ni muungwana ila simu zake anapokea Yule Bwana.

#13 Msafiri Kafiri
Hizo sambusa ni za pale getini kwa mama mwenye kanga ya njano? Za nyama au za viazi?

#14 Chaki Nyeupe
Nesi, yako angalau ilikuwa ndogo tu. Yangu ya mwaka juzi niliiloweka pamoja na shuka, shuka zote sita zikawa za kijani.

#15 Nesi Mkunga
Weka chumvi kwenye maji ya kwanza. Usianike juani.

#16 Mwalimu wa Zamu
Chumvi haisaidii kwa zile. Ifue peke yake.